Kiapo Kando ya Kitanda cha Gozbert

Mfuko wa shangazi kaja ulikuwa umeshafungwa zipu, umesimama miguuni mwa kitanda kama mgeni anayetaka kuaga. Khulud aliuona kabla hajamwona mgonjwa mwenyewe. Mtu hafungi mizigo wodini ila kwa mambo mawili: ama amepona, ama amekata tamaa. Na Gozbert hakuwa amepona.

"Shikamoo, mama," alisema.

Ma Kokushubila hakuitikia. Alikuwa akikunja shati la mwanawe, lile la bluu la kwendea kazini. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena, macho yake hayapo kwenye shati.

Tangu Gozbert alazwe, Khulud alikuwa akija hapa kila siku saa ya kuona wagonjwa, chupa ya supu mkononi na uongo mdomoni. Nyumbani kwao Temeke walidhani yuko kwa fundi cherehani, anapimwa gauni la harusi ya binamu yake. Gauni gani hilo lisilokwisha kupimwa, hata kaka yake Muntasir alishaanza kuuliza. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Unaziba mdomo, mabega yanakusema.

Akamtazama sasa. Gozbert alikuwa amelala chali, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Huyu ndiye yule mwalimu wa hesabu kutoka Mbagala aliyeingia dukani kwa baba yake miaka miwili iliyopita kuulizia kitambaa cha sare, akaondoka na kitambaa na moyo wa binti wa mwenye duka. Alikuwa msemaji. Darasa la watoto themanini alilituliza kwa mzaha mmoja. Wiki iliyopita alianguka mbele ya darasa hilohilo, chaki ikiwa mkononi, na tangu siku ile hakuwa na neno hata moja. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, anajua nani kaingia na nani katoka. Ila akifungua kinywa hutoka sauti tupu, na baada ya sauti machozi.

Macho yake yalimpokea Khulud mlangoni na kumleta mpaka kitandani. Kisha yakaenda kwenye mfuko. Kisha yakarudi kwake, na yalikuwa yanaomba.

"Mama, huu mfuko ni wa nani?"

"Wetu. Kesho alfajiri tuna basi la Bukoba. Tiketi zimeshakatwa."

"Basi? Mama, mtu yuko kwenye dripu."

"Dripu tutaiacha hapahapa tulipoikuta." Ma Kokushubila aliliweka shati juu ya mfuko. "Sikiliza, binti. Kule nyumbani kuna mzee anayeyajua haya mambo. Kijana wa miaka thelathini na moja, hana presha, hana sukari, mdomo unakwenda kombo, mkono na mguu vinakufa siku moja? Waitu, mie ni mtu mzima. Huu si ugonjwa wa kudungwa sindano."

Khulud hakubishana. Mfa maji haachi kutapatapa. Aliiweka chupa ya supu kwenye kabati la kitanda akatoka nusura akimbie, baibui limemshika miguuni, kwenda kumtafuta daktari.

Alirudi na Dokta Demetria, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, amechoka kwa namna ya mtu ambaye hajakaa chini tangu asubuhi. Hakumgombeza mtu. Alivuta kiti akakaa, magoti yake karibu yaguse ya Ma Kokushubila.

"Mama, Gozbert alipokuwa mdogo aliwahi kuumwa magoti? Yanavimba, homa haishi?"

Ma Kokushubila alisita. "Aliumwa. Alikuwa darasa la tatu. Akapona."

"Magoti yalipona. Moyo ulibaki na kovu. Moyo una milango, mama. Damu ikishapita, mlango unajifunga ili isirudi nyuma. Mlango mmoja wa mwanao ni mbovu tangu utotoni, na hakuna aliyejua. Sasa mwaka huu kang'oa jino lililooza. Vijidudu vya kwenye jino vikaingia kwenye damu, vikafika pale penye kovu, vikaweka makazi. Ndizo zile homa zenu zisizokwisha."

Khulud aliinamisha kichwa. Homa zile alizijua kuliko mtu yeyote. Jasho la usiku, kukonda, suruali zinamvuka. Kila mara walisema malaria, mara nyingine taifodi, wakanunua vidonge duka la jirani, homa ikashuka siku mbili tatu, wakacheka na kusahau. Vile vicheko sasa vilimchoma kimoja kimoja.

"Moyo na mdomo wapi na wapi?" Ma Kokushubila aliuliza.

"Vijidudu vinajijengea kauvimbe pale mlangoni. Kipande kikamegeka, damu ikakibeba mpaka kichwani, kikaziba mshipa. Hicho ndicho kiharusi chake. Mkono umeharibikia kichwani, lakini adui yuko moyoni, na bado yupo."

"Na dawa mnazompa, mbona homa jana imerudi?"

"Kwa sababu ndio kwanza tumeanza. Dawa hii inataka wiki sita, kwenye mshipa, bila kuruka. Ukiikatisha, kipande kingine kitamegeka. Sikufichi, mama. Cha kwanza kimechukua mkono na maneno. Cha pili sijui kitabakiza nini." Daktari alishusha miwani, akamtazama vizuri. "Bukoba ni mbali. Kwa hali hii naogopa hatafika."

Nesi alimwita kutoka kitanda cha mwisho. Dokta Demetria akasimama. "Siwezi kukulazimisha. Ukimtoa, utaweka sahihi yako mwenyewe. Nipe jibu kabla sijatoka zamu jioni hii."

Walibaki watatu, na mmoja hana sauti.

Ma Kokushubila alikaa akimfuta mwanawe mate yaliyokuwa yakichuruzika upande ulioanguka. Alimfuta taratibu, kwa ncha ya kitenge, kama alivyomfuta maziwa utotoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Khulud, pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo kwa mama huyu, alimwonea huruma.

"Nimezaa mara nne," mama alisema bila kugeuka. "Nimebaki na huyu. Tangu akufahamu wewe hajawa mzima. Baba yako alimwambia dukani, mbele za watu: Mwalimu, nakuheshimu, ila binti yangu haolewi nje ya dini yake. Sawa, ni haki yake kusema. Lakini je, aliishia kwenye kusema? Watu wananiambia kwenu mna majini ya kutuma."

"Mama, baba yangu paka tu wamemshinda kufuga, atafuga jini?"

Lilimtoka kabla hajalizuia. Kitandani kifua cha Gozbert kilitikisika, na nusu ya mdomo wake, ile nusu iliyobaki yake, ikatabasamu. Khulud alikiona kile kitabasamu na akakipenda kwa maumivu, maana alikuwa hajakiona tangu chaki ile idondoke.

"Mnacheka," alisema Ma Kokushubila.

"Sicheki, mama. Nimeishiwa nguvu tu. Nakuomba asiondoke. Nipige, nitukane, sema utakalo, ila kesho asipande lile basi."

Mama akageuka, kwa mara ya kwanza jioni ile akamtazama usoni. "Unataka abaki?"

"Nataka apone."

"Basi muachie. Ukimuachia wewe, mie namuachia daktari hizo wiki sita zake. Hutakanyaga hapa tena, hutapiga simu, hutamtuma mtu. Kama ni mkono wa kwenu uliomshika, utakuwa umetoka. Na kama ni vijidudu, daktari atavitoa. Nitakuwa nimefunga milango yote miwili."

"Nakuahidi..."

"Ahadi za vijana nazijua. Nimekaa wodini humu nimewaona wenzako wa dini yako. Mkiapa kwa jina la Mungu, mnaogopa. Niapie hivyo. Na uape hapahapa, asikie, aache kukodolea ule mlango kila saa ya wageni."

Khulud alimtazama Gozbert. Gozbert alitikisa kichwa kwenye mto, kulia kushoto, kulia kushoto, na mkono wake mzima, wenye sindano ya dripu, ukakamata shuka ukalikunja. Walitazamana. Katika miaka miwili ya kujificha walikuwa wamejifunza kuongea kwa macho mbele za watu: dukani, msibani, vituoni. Sasa macho ndiyo lugha pekee aliyobaki nayo Gozbert, na yalikuwa yanamwambia usithubutu.

Akikataa, atamshika mkono leo, na kesho atampoteza njiani, kwenye kiti cha basi. Akikubali, Gozbert ataishi, na ataishi akimchukia. Alitafuta njia ya tatu. Aliitafuta kweli, mpaka kichwa kikamzunguka, akakosa.

"Wallahi," alisema. Sauti ilikatika, akaianza upya. "Wallahi, wabillahi, watallahi, sitarudi kumwona Gozbert, wala sitamtafuta."

Gozbert alitoa sauti. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka, kisha wakaangalia pembeni kwa heshima. Khulud hakumgusa, maana alijua akimgusa hataondoka. Alitoka na mikono mitupu, macho mbele, na kila hatua alisikia ile sauti nyuma yake ikijaribu kuwa jina lake.

Hakufika mbali. Kwenye benchi karibu na dirisha la dawa aliketi. Watu walipita na vikapu vya chakula. Alilia bila kujifunika, yeye aliyelelewa kwamba mwanamke hamwagi machozi barabarani. Simu iliita. Alikuwa Muntasir.

"Uko wapi wewe? Nimepita kwa fundi, kafunga toka mchana."

"Niko hospitali, kaka. Nakuja nyumbani. Mwambie baba yameisha."

"Yameisha nini?"

"Mliyotaka yaishe."

Muntasir ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, ndiye aliyesema mwalimu yule asionekane mtaani. Sasa sauti yake ilikuwa chini. "Khulu, amefariki?"

"Hajafariki. Ila mie simwoni tena."

"Nije nikuchukue?"

Hakujibu, kwa sababu alisikia mtu akimwita. Aliitwa kwa jina, na sauti iliyomwita haikuwahi kulitamka jina hilo.

"Khulud. Khulud."

Ma Kokushubila alikuwa anakuja peku, kilemba kimelegea, kitenge chake kina damu mbele. Khulud alisimama, simu ikamponyoka mpaka kwenye benchi.

"Ameing'oa," mama alisema, akihema. "Sindano. Kaing'oa kwa meno. Mkono mmoja umekufa, mwingine ndio wenye sindano, basi kaupeleka mdomoni, kwa mdomo huohuo uliopinda. Damu imejaa shuka. Manesi wawili wamemshika, anawapiga teke. Maji hataki. Nikimgusa mie, ananigeuzia uso. Mie. Mama yake."

"Daktari yupo?"

"Yupo. Anasema dawa ya jioni haiwezi kukosa, na mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na akiendelea kupigana hivi... Kasema mengi, sikuyasikia. Twende."

Khulud hakusogea. Mwili wote ulitaka kukimbia, na miguu ilikuwa imesimama palepale.

"Nimeapa, mama."

"Mie ndiye niliyekuapisha. Nakufungua."

"Hakikufungwa kwako kile kiapo. Nimemtaja Mungu. Huwezi kukifungua."

Ma Kokushubila alimtazama kama mtu aliyefunga mlango mwenyewe kisha akauona moto uko ndani. Halafu akapiga magoti, pale pale kwenye sakafu ya korido, watu wanapita. Kwao Buhaya mdogo ndiye hupiga magoti akimwamkia mkubwa. Mkubwa hampigii magoti mtoto, na hasa mtoto wa watu aliyekuwa akimfukuza nusu saa iliyopita. Khulud aliinama haraka akamshika mabega amwinue, na mama akawa mzito, hainuki.

"Nakuomba. Sijui Mungu wenu anataka nini, niambie nimpe. Mtu akiapa jambo linaloua mtu, kwenu hakuna pa kutokea?"

Ndipo Khulud alipokumbuka. Chuoni, mkekani, mwalimu wao wa Kurani Bi Mwanakombo akiwa na fimbo yake nyembamba, akiwaimbisha watoto masharti ya viapo mpaka wasinzie: ukiapa, kisha ukaliona jambo lililo bora kuliko kiapo chako, lifanye lililo bora na ukitolee kiapo kafara. Alilijua tangu ana miaka minane. Hofu ilikuwa imemsahaulisha.

"Pako pa kutokea," alisema polepole. "Natoa kafara. Nalisha maskini kumi."

"Kumi?"

"Kumi. Nikikosa uwezo, nafunga siku tatu."

Ma Kokushubila alikaa juu ya visigino vyake. "Sasa mbona hukuniambia? Ungeniapia tu, kisha ukarudi kwa huo mlango."

"Sikuukumbuka, mama. Niliapa kweli. Sikuapa ili nirudi. Niliapa ili aishi."

Mama alimpa mkono, Khulud akamvuta, wakarudi wodini wameshikana kama mtu na mkwewe, ingawa hakuna aliyetamka neno hilo.

Gozbert walimkuta amegeuzia ukuta uso. Manesi walikuwa wamemwacha apumzike, mmoja akibonyeza pamba kwenye kidonda. Shati lake lilipanda na kushuka kwa pumzi za haraka, na joto la mwili wake lilisikika kabla hujamgusa. Dokta Demetria alimtazama Khulud, akatazama saa ya ukutani.

Khulud alizunguka kitanda, akachuchumaa kwenye nafasi finyu kati ya godoro na ukuta ili uso wake uwe mbele ya wake. Gozbert alifumba macho.

"Mwalimu," alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote. "Nimerudi."

Macho hayakufunguka. Chozi lilitoka upande mmoja.

"Najua umenisikia. Nilikuuza, mbele yako. Nilikuuza kwa wiki sita za dawa, na nikirudishwa pale bila pengine pa kupita, nitakuuza tena. Kasirika. Una haki. Ila kasirika na sindano iko mkononi, maana ukinifia kwa hasira mie sitakuwa na mtu wa kugombana naye."

Nesi alijikohoza. "Dada, muda unakwenda. Na mishipa yake imechoka, sijui kama nitapata hata mmoja."

"Sikuombi unisamehe leo," Khulud alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi, mbele ya mama mtu, mbele ya wodi nzima. "Nakupenda, Gozbert. Nimekwisha kusema mbele za watu, mtaani watanisema, na waniseme. Nakuomba mkono tu."

Alifungua macho. Alimtazama muda mrefu, na katika kule kutazama mlikuwa na hasira nyingi, hasira ya mtu aliyeamuliwa maisha yake kama vile hayupo chumbani. Khulud hakukwepesha macho. Aliipokea yote. Kisha Gozbert akaunyanyua mkono wake wa kushoto, wenye damu iliyoanza kukauka, akaupitisha juu ya ukingo wa kitanda na kuulaza mapajani mwa Khulud, kiganja juu.

Nesi alimfunga mpira mkononi. Alipapasa, akapiga kwa vidole, akachoma, akakosa. Gozbert alikunja uso lakini hakuuvuta mkono. Akachoma tena, juu kidogo. Damu ikarudi kwenye mrija, nesi akapumua, na dawa ikaanza kudondoka.

"Ameipata kwa wakati?" Khulud aliuliza.

"Ameipata," alisema Dokta Demetria. "Mengine sikuahidi. Moyo wake umefanya kazi sana jioni hii, na kile kilichoko pale mlangoni hakijaondoka. Usiku huu tutaona." Aligeuka kwa Ma Kokushubila. "Mama, jibu langu?"

"Anabaki," alisema Ma Kokushubila.

Daktari aliitikia kwa kichwa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kengele ya kumaliza saa ya wageni ililia, watu wakaanza kuaga na kuokota vikapu vyao. Khulud hakuinuka. Alikuwa amebana mkono ule kwa mikono yake yote miwili, anasikia mapigo yakipita kwenye kifundo, ya haraka mno, ya haraka mno, na kila moja alilisindikiza kwa dua.

Ma Kokushubila alisimama upande wa pili wa kitanda. Aliwatazama wote wawili, akaukunja ule upande wa kitenge wenye damu ndani, akafunga upya.

"Hao maskini kumi wa kwenu," alisema hatimaye, sauti imekwaruza. "Ndizi wanakula?"

Khulud aliitikia kwa kichwa.

"Basi nitazipika mie. Wewe kaa hapohapo, usimuachie mkono."